Koti la Baba

Kila jioni, Bonge aliposikia hodi ya baba mlangoni, aliacha kila kitu akamrukia. Baba, fundi wa betri za magari, alimnyanyua kabla hata ya kuvua koti lake la kazi, lililojaa vumbi la kijivu mpaka mifukoni. Usiku mtoto hakutaka shuka. Alitaka koti hilohilo, na aliyemfunika ni dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiherehere.

Siku hizo jina la Bonge lilibaki utani tu. Alikuwa amekonda, tumbo lilimsumbua, na maneno machache aliyokuwa ameyajua yalianza kumpotea. Hata "koti" hakusema tena, alinyoosha kidole tu. Mama na Kiherehere wakampeleka kituo cha afya, akapimwa damu.

"Ana sumu ya risasi," muuguzi akasema. "Ni madini yaliyomo ndani ya betri. Vumbi lake likiingia mdomoni, hudhuru ubongo wa mtoto. Wengine mtaani kwenu wanayo pia. Huyu hufunikwa nini akilala?"

"Koti la baba," Kiherehere akajibu kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye ninayemfunika." Machozi yakamlengalenga.

"Hukujua, mwanangu. Sasa unajua. Nguo za kazi zisiingie ndani, wala zisifuliwe pamoja na nyingine. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe ikiwa kavu. Na mikono ioshwe kwa sabuni."

Jioni ile Kiherehere alimsubiri baba nje, na ndoo ya maji, sabuni na nguo safi.

"Shikamoo, baba. Leo huingii na koti."

"Marahaba. Tangu lini unanipangia nyumbani kwangu?" Baba akacheka. "Nimefungua betri tangu ujana. Mbona sijafa?"

"Bonge ni mdogo, baba. Damu yake imepimwa. Muulize mama."

Mama alitokea mlangoni amembeba Bonge, anayelia akimtaka baba. Baba akanyoosha mikono kumpokea, kisha akaitazama. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye kucha. Akairudisha taratibu.

"Lete sabuni," akasema.

Kiherehere hakuishia hapo. Aliwashawishi mama na muuguzi, wakapita nyumba kwa nyumba, kisha wakaenda gereji alikofanya kazi baba. Mafundi wakawatania, "Haya, wenye sabuni zao wamefika."

"Chekeni tu," baba akasema. "Mwanangu ameanza kusahau maneno. Wa kwenu mmewapima?"

Kicheko kikakatika. Haukupita muda mrefu, mafundi wakajenga bafu palepale gereji, wakapigilia misumari ya kutundikia nguo za kazi. Waliozoea kufungulia betri uani kwao nao wakaacha. Akina mama nao walishika matambara ya deki, na watoto wote wakapimwa.

Miezi ilipopita, Bonge alipimwa tena. "Sumu imeshuka," muuguzi akasema. "Haijaisha, kwa hiyo msilegee."

Jioni hiyo baba aliingia akinukia sabuni, Bonge akamrukia.

"Siku ile niliona umenikosea adabu," baba akamwambia Kiherehere. "Kumbe ulinizuia nisimdhuru mwanangu. Anayempenda mtoto hunawa kwanza, ndipo ambebe. Nami nitawaambia mafundi wenzangu hivyo kila siku."

Bonge akanusa shati la baba, akakunja uso.

"Koti," akadai.

Mama akajishika mdomo. Kiherehere akacheka huku analia, akamfunika ndugu yake shuka safi.

"Koti limelala kazini," akamwambia. "Sema tena."