Fundo la Mkono wa Kushoto

Theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha, jambo la kawaida huku milimani Niigata, na jirani yetu Fumie alikuwa akipasha supu ya miso wakati Isao alipobisha hodi, koleo begani.

"Shemeji, paa lako linalia. Leo nalitua mzigo."

"Harusi yetu wiki ijayo, bado unaniita shemeji? Ulimi wako mzito kuliko hiyo theluji."

Wakacheka. Isao alikuwa rafiki kipenzi wa marehemu Tokuji, mume wa Fumie. Huku hakuna anayepanda paani peke yake. Wa juu hujifunga kamba kiunoni, kamba ikapita juu ya paa, na mwenzake huishika akiwa chini, upande wa pili, wasionane. Majira ya baridi yaliyopita, Isao ndiye aliyemshikia Tokuji. Kamba ilikatika, alisema huku akilia. Tokuji akaporomoka, theluji ikamfukia. Isao ndiye aliyemfukua. Kamba haikuonekana tena. Fumie aliyaamini yote, na mwaka mzima alipikia kuni alizoletewa na Isao.

Sasa Isao akapanda. Fumie akaishika kamba upande wake, akisikia koleo likikwangua.

Kamba ikavutwa mara tatu, polepole. Fumie akashtuka. Ile ilikuwa ishara ya Tokuji peke yake: kaza, nateleza.

"Isao! Unateleza?"

Koleo lilikuwa limenyamaza. Kisha ikaja sauti ndogo.

"Fumie... nani huyu ananivuta toka chini, upande huu?"

"Mimi niko huku. Hakuna mtu."

"Yupo. Mkono umetoka kwenye theluji."

Kamba ikamchoma viganja. Fumie akachimbia visigino.

"Tokuji, niache." Isao alinong'ona, lakini katika kimya kile kila neno lilifika. "Niliiachia, ndiyo. Haikukatika. Nilimpenda mkeo, ningefanyaje?"

Fumie akaitazama kamba mikononi mwake. Mwaka mzima amemlilia mumewe kifuani mwa mtu aliyemuua! Amesalitiwa ndani ya nyumba yake, kwenye sahani yake. Ilitosha kufungua vidole tu, Isao naye aporomoke.

"Fumie, usiniachie!"

Hakuachia. Haikuwa huruma. Hakutaka kufanana naye.

Ghafla kamba ikalegea.

Alizunguka nyumba mbio. Isao alikuwa ameshuka mpaka chini ya upenu, theluji magotini, mzima, macho yamemtoka. Hapakuwa na mtu mwingine wala unyayo. Lakini kiunoni mwake zilikuwa kamba mbili. Moja ni ile ya leo. Ya pili ilikuwa kuukuu, nyeusi kwa unyevu, imefungwa kwa fundo la mkono wa kushoto, fundo la Tokuji, aliyekuwa mashoto.

Fumie akaivuta kutoka kwenye theluji. Akavuta, akavuta, mpaka ncha yake ikamfikia mkononi.

Ilikuwa nzima. Haikuwa imekatika mahali popote.