Nilimnyima Sarafu, Nikampa Chai

Nina miaka thelathini na tisa, watoto wawili na sauti inayosikika kutoka Kariakoo mpaka Zanzibar bila kipaza sauti. Nauza vitenge katika duka la mzee mmoja wa Kiarabu, nitamwita Mzee Nassor. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wangu wananijua kwa vicheko. Lakini hili ninalowasimulia leo, wasomaji wenzangu, sijawahi kulisimulia huku nikicheka...

Kwanza niwaambie kwamba mimi ni msomi. Ndiyo, msinicheke! Kidato cha nne nilikimaliza juzijuzi tu, kwa masomo ya usiku, baada ya kusimama dukani kutwa nzima. Nilisoma hadi mbu wa darasa lile wakanichoka wakahamia kwa wengine. Cheti kilipotoka nilikitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu. Na tangu siku hiyo nikaanza kuona kila kitu duniani kinahitaji kurekebishwa na mimi.

Sasa, mnaoijua Kariakoo mnajua mambo ya Ijumaa. Asubuhi, kabla watu hawajaenda kuswali, wanaoomba hupita duka kwa duka. Mzee Nassor alikuwa anaketi mlangoni na kopo la sarafu mapajani. Kila anayepita anasalimiwa, anapewa sarafu yake, anaenda zake. Hakuna hotuba. Foleni ya watu arobaini ilikwisha kabla chai yake haijapoa.

Mwaka jana mzee akafanyiwa upasuaji wa goti, akatakiwa apumzike nyumbani. Akanikabidhi lile kopo. Aliniambia neno moja tu: "Mwajuma, anayeomba mpe. Usimhoji."

Nikasema, sawa mzee. Moyoni nikasema, huyu mzee wa zamani, hajui mambo!

Ijumaa ya kwanza tu nikaanzisha utaratibu wangu. Nilikata maboksi ya vitenge yakawa kadi ndogondogo, nikazigonga muhuri wa duka. Ukiwa na kadi unakwenda kwa mama ntilie wa uchochoroni, unapewa chai na chapati mbili, mimi namlipa yeye moja kwa moja. Pesa mkononi hakuna! Tena kabla ya kadi, unajibu maswali. Unaitwa nani? Umetoka wapi? Kwa nini huna pa kukaa? Pesa ungeifanyia nini?

Jamani, nilijiona waziri! Wenye maduka ya jirani walinisifu. Walisema hatimaye kapatikana mtu wa kuwakomesha walevi.

Babu mmoja asiyeona alishika ile kadi, akaipapasa, akaniambia, "Binti, asubuhi hii nimeshanyweshwa chai sehemu tatu. Tumbo langu siyo pipa."

Foleni ikacheka. Mimi nikakasirika. Niliona hana shukrani.

Mwisho kabisa wa foleni alikuwapo mwanamke mmoja, rika langu, mwembamba, anayelala kwenye vibaraza vya maduka ya mtaa wetu. Tulimwita Mama Tatu. Huyu siku zote alikuwa anapokea sarafu ya Mzee Nassor na kuondoka mbio, kama anayewahi treni. Siku ile akanong'ona, "Dada, mimi leo naomba pesa yenyewe."

Nikamuuliza ya nini. Akatazama chini, akajibu ni mambo yake.

Na hapa ndipo ulimi wangu uliponiponza! Nikapaza sauti, hii sauti yangu ya Zanzibar, nikamwambia, "Mambo yako hayo yanauzwa kwenye chupa au kwenye kipimo?"

Watu walicheka mpaka wachukuzi wakasimamisha mikokoteni. Mama Tatu akachukua kadi, akaondoka. Taratibu, siyo mbio.

Ijumaa iliyofuata nikamwona kwa macho yangu akimuuzia mchukuzi ile kadi ya chai. Nilitoka dukani kama mshale! Nikampokonya kadi mbele za watu, nikamwambia asikanyage tena mlangoni kwangu. Nilijisikia nimeokoa taifa.

Hakuja tena. Wiki moja, mbili... Na mimi, niwe mkweli, sikumkumbuka hata kidogo.

Hadi siku dukani kwetu maji yalipokatika. Nikaenda kwenye choo cha kulipia kilichoko karibu na soko, kile chenye vyumba vya kuogea. Dada anayekaa pale mlangoni tunafahamiana. Tukapiga soga, kisha akaniuliza kama nimemwona mwanamke mmoja, Mama Tatu, kwa sababu gauni lake bado analo.

Gauni gani? Nikauliza huku natabasamu.

Akanieleza. Kila Ijumaa, Mama Tatu alikuwa anakuja pale na sarafu za maduka, analipia ndoo ya maji, anaoga, anasugua miguu mpaka inang'aa. Halafu anavaa gauni la bluu ambalo huyu dada alikuwa anamhifadhia. Halafu anatembea kwa miguu mpaka Buguruni kumwona binti yake. Ijumaa mbili za mwisho alikuja hana kitu. Aliomba akopeshwe ndoo. "Nikamwambia mama, ndoo siyo zangu, ni za bosi," yule dada akasema. "Kuna siku alinionyesha kikadi cha boksi, akaniuliza kama na sisi tunakipokea."

Wasomaji! Nilikaa pale pale kwenye ngazi ya choo, na kitenge changu cha dukani!

Chai na chapati zinaoga? Kadi yangu yenye muhuri inafungua bomba? Mimi niliyejifanya najua shida za watu wote, sikuwahi kuwaza kwamba mtu asiye na nyumba hulipia hata kujisafisha!

Nilimtafuta siku tatu. Nilimkuta Mnazi Mmoja, amekaa kando ya uzio na kiroba chake. Nikamsalimia. Akaitikia. Nikakaa chini, nikamwambia ninajua habari ya ndoo.

Alisogeza kiroba chake. Kisha akanihadithia, bila kulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mume wake alipofariki, mawifi walimtoa ndani ya nyumba, mtoto wakabaki naye wao. Wifi mkubwa alimpa sharti: aje Ijumaa tu, aje msafi, asiwatie aibu mtaani. Binti huyo, Tatu, ana miaka minane, naye alijua mama yake anafanya kazi Kariakoo na analala huko huko kwa tajiri.

Ijumaa ile niliyompokonya kadi, alikwenda Buguruni hivyo hivyo alivyo. Aliona bora aonekane mchafu kuliko asionekane kabisa. Watoto waliokuwa wanacheza nje wakamwita chokoraa. Tatu alitoka, akamwangalia mama yake, akaziba pua kwa kiganja, akarudi ndani. Wifi akafunga mlango.

Wiki iliyofuata aliporudi, chumba cha mawifi kilikuwa na mpangaji mwingine.

Nililia. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ni maji ya kuoga ningekupa!

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Ulitaka niseme mbele ya wale watu kwamba nanuka?" akaniuliza. "Ungesema huna, dada, ningewahi duka la pili kabla hawajafunga kwenda kuswali. Wewe ulikuwa nayo mkononi, ukanichezea."

Mimi! Mwajuma! Nikasimama, nikajitwika kiroba chake.

Tulikwenda naye Buguruni kwa miguu, njia aliyoizoea. Mpangaji mpya alituambia kwamba wale waliokuwapo wamehamia kwa kaka yao Tabora, pamoja na binti mdogo. Anwani hakuwa nayo. Alijua tu kwamba kaka huyo ni fundi baiskeli karibu na soko.

Mwezi ule ilikuwa zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo wa kuchangiana tunaocheza wanawake wa mtaa wa vitenge. Nilikuwa nimeshachagua na cherehani! Nikampa Mama Tatu bahasha ya pesa hizo, sikuifungua. Nikampeleka stendi na gauni lake la bluu. Hakunishukuru, na mimi sikutaka anishukuru. Aliniuliza tu kama Tabora kuna baridi.

Mzee Nassor aliporudi, akakuta maboksi ya kadi chini ya meza. Nilimweleza kila kitu. Akachukua kopo lake. Akasema, "Nilikuachia kazi ya mkono, Mwajuma. Wewe ukaifanya ya mdomo." Tangu hapo hajanikabidhi tena. Kaniacha kazini, lakini lile kopo hanipi, na kila Ijumaa linanichoma kama pasi.

Mama Tatu sijamsikia mpaka leo. Hana simu. Wenzangu dukani wananicheka, wananiita benki ya omba omba. Kuna mmoja anaapa kamwona Mbagala wiki iliyopita, kanyoosha mkono, na kwamba Tabora hajafika na hatafika. Eti nimeliwa mchana kweupe!

Nawajibu hivi, na ninyi wasomaji mnaotaka kunicheka jibu lenu ni hili hili: kama nimeliwa, nimeliwa! Mbagala siendi kuhakikisha ng'o! Nilishahoji vya kutosha maisha yangu yote. Bahasha ilikuwa yangu, nikatoa, sasa ni yake. Akinunua nauli, sawa. Akinunua soda kreti nzima akanywa peke yake chini ya nguzo ya umeme, sawa vile vile! Nani anakuuliza wewe mshahara wako unaufanyia nini?

Sasa hivi mtu akininyooshea mkono, namtazama usoni, namsalimia. Ninayo, natoa. Sina, nasema sina, kwa heshima, na apite akajaribu kwingine. Wanaosema nawadekeza waseme. Na wewe unayesoma hapa, nakusihi, usipite nilikopita mimi. Usimfanye mtu avue siri zake barabarani ndipo umpe kitu kidogo ulichonacho mkononi.

Kuna mtoto huko aliyeziba pua mara ya mwisho alipomwona mama yake. Kama mama yake amefika, Alhamdulillah. Kama hajafika, msiilaumu ile bahasha niliyoitoa. Laumuni sarafu niliyoinyima.