Habari za Nyanzala Mbele ya Ngome ya Isagala

Zamani zile misafara ya chumvi na pembe za ndovu ilipokuwa ikikatiza nchi ya Igembya, Mtemi Shigela wa Isagala alifunga njia, akajifungia na wapiganaji wake katika ngome iliyokuwa kwenye nyika kavu, mbali na vijiji. Jemadari Nkwabi, kijana wa kaniki nyeusi na vikuku vya shaba, akapelekwa kumzingira. Miezi ikapita. Askari wake waliondoka nyumbani ardhi imepasuka kwa ukame, na sasa walinong'ona juu ya watoto wao tu. Wengi walikuwa tayari kutoroka.

Nyanzala, mama yake Nkwabi, alikuwa na habari njema za kumpelekea mwanawe. Akamwita mdogo wake Limi, mwanamke mwenye sauti kubwa na asiyesahau neno. Kisha akasita.

"Nikimpelekea mwanangu peke yake, wenzake watajisikiaje?"

Basi wakazunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya habari za kila askari.

Limi alifika kambini asubuhi, amejitwika kikapu cha mtama mpya. Nkwabi alimkimbilia.

"Shikamoo, mama mdogo! Nyumbani kuna nini?"

"Marahaba, baba. Subiri. Mamako kasema wewe uwe wa mwisho."

Akapanda juu ya kichuguu, akapaza sauti. "Kapela! Ng'ombe wako aliyepotea amerudi na ndama! Lugendo, mkeo ameezeka nyumba mwenyewe, anasema safari hii haivuji! Mvua imenyesha, jamani, mtama umekomaa!"

Wanaume wazima walirukaruka wakikumbatiana. Zamu ya Maganga ilipofika, Limi alishuka, akamshika mkono, akamweleza taratibu kwamba baba yake amefariki na amezikwa kwa heshima. Wenzake wakamzunguka.

Mara sauti ikatoka juu ya boma la adui. "Mama! Umepitia vijiji vya Isagala? Kwetu kukoje?"

Askari mmoja akainua gobori. Nkwabi akalishusha kwa mkono wake.

"Wajibu, mama mdogo."

"Nimepita!" Limi akaita. "Mtama wenu umeinama kwa uzito, ndege wanaumaliza! Wake zenu wanavuna peke yao, wanawatukana ninyi na Mtemi wenu!"

Ngome nzima ikaangua kicheko, kisha yakasikika mabishano marefu. Kabla ya adhuhuri lango lilifunguliwa. Shigela akatoka bila silaha, akakubali kufungua njia ya chumvi, mradi watu wake waachwe wakavune. Nkwabi akampa mkono.

Kisha akamgeukia Limi. "Na mimi je?"

"Mkeo amejifungua binti. Akilia, kijiji kizima kinaamka. Mamako anasema amenirithi mimi."

Jemadari akatupa mkuki, akambeba mama yake mdogo juu juu, akazunguka naye mbele ya majeshi mawili yaliyokuwa yakishangilia, na Limi akipiga kelele ashushwe.