Umande Ndani ya Gunia

Wazazi wenzangu, kaeni nami kidogo. Haya yalitokea katika kijiji kimoja kusini mwa Bariadi, miaka ile Simiyu haijawa mkoa, na ushirika ulikuwa umeanza kuwapisha wanunuzi binafsi wa pamba. Jina la kijiji naliacha. Watu wake bado wapo, na sikuja kuwaumbua.

Kila Jumapili baada ya ibada, Generoza mke wa Ndalahwa aliwakusanya watoto upande wa kanisa wenye kivuli, akawafundisha dini. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba tu, lakini alijua kuwafundisha watoto. Hakuwakaririsha maneno wakasinzia. Aliwafanya waigize.

Jumapili moja ya mwezi wa sita somo lilikuwa ule mfano wa Yesu juu ya baba mwenye watoto wawili. Salu aliigiza baba, amevaa koti la mtu mzima lililoburuza vumbi.

"Mwanangu, nenda shambani ukapalilie," aliamuru.

"Siendi!" alijibu Sayi, na wenzake wakacheka, maana nyumbani kwao Sayi asingethubutu. Kisha Sayi akajikuna kichwa, akageuka, akainama na kuanza kupalilia vumbi.

Mtoto wa pili aliigizwa na Milembe, binti wa Generoza mwenyewe, mwenye miaka tisa. Alipiga goti kwa adabu. "Ndiyo baba, naenda." Halafu akaenda kujilaza kando ya ukuta na kukoroma. Watoto walicheka mpaka wakalia machozi.

"Nani alimtii baba?" Generoza aliuliza.

"Sayi!"

"Lakini Milembe ndiye aliyesema ndiyo, tena kwa goti."

"Alisema kwa mdomo tu, mwalimu!"

"Basi wanangu, Yesu hatafuti wafuasi wa mdomo. Anatafuta anayekwenda."

Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha. Generoza alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Milembe. Milembe alipozaliwa, hakumwomba Mungu mali wala vyeo. Aliomba mtoto huyu ampende Mungu kwa kweli, basi. Mwezi wa tisa Milembe angepokea Komunio ya Kwanza, na Generoza aliihesabu siku hiyo kuwa jibu la sala yake.

Wiki hiyohiyo Ndalahwa alirudi kutoka kituo cha kununulia pamba akiwa na habari.

"Mama Milembe, jirani yetu Maganga kauza jana. Gunia lake moja limevuta mizani kuliko mawili yetu."

"Kwani amevuna pamba ya chuma?"

"Amevuna kama sisi. Ila anatia mchanga na maji ya chumvi."

"Na karani hakuona?"

"Karani gani? Wa ushirika ndiye alikuwa anachambua kwa mkono, hii safi, hii fifi, yaani duni. Hawa wa sasa wanagombania. Lori likichelewa, jingine limebeba. Nani ana muda wa kuangalia?"

"Mungu anaangalia, Baba Milembe."

"Na alikuwa anaangalia wakati ng'ombe wangu dume anakufa kwa ukame," Ndalahwa alijibu polepole.

Zizini alikuwa amebaki dume mmoja, na dume mmoja havuti plau. Msimu uliopita walilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo wa Ndalahwa ukashindwa kunyooka. Ndugu msomaji, mimi simhukumu upesi mtu wa namna hiyo. Naeleza tu kilichofuata.

Mnajua tunavyoshindilia pamba huku kwetu. Gunia kubwa hutundikwa kwenye miti, mdomo wazi, na mtoto mwepesi huingizwa ndani akanyage huku mkubwa akimmiminia pamba. Milembe alikuwa fundi wa kazi hiyo. Asubuhi moja wiki ileile aliimba na kurukaruka, kichwa kikichomoza na kuzama. Baba yake alimimina pamba, akachovya tawi la majani kwenye ndoo ya maji ya chumvi na kunyunyiza, kisha akatupia konzi ya mchanga.

"Mayu!" Milembe alimwita mama yake. "Miguu imelowa. Na humu kuna mchanga."

"Kanyaga, mwanangu," Generoza alisema. Alikuwa amekaa pembeni akichambua pamba, na hakuinua macho.

"Mchanga wa nini?"

"Mbolea hiyo," Ndalahwa alisema huku akicheka.

"Baba! Pamba iliyokwisha kuvunwa inatiwa mbolea?"

Milembe alishika ukingo wa gunia, akamtazama mama yake.

"Mayu, hii si kama ile niliyoigiza mimi?"

Hapo ndipo Generoza angeweza kusimama na kumtoa mtoto wake ndani ya gunia. Alilijua somo lake vizuri. Lakini alimwangalia mumewe, akaliangalia zizi, akasema maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Yale ni ya kanisani, Milembe. Hapa ni kazi. Wakubwa wanajua wanachofanya. Na mtu akikuuliza kwa nini pamba imelowa, sema ni umande."

Milembe hakuimba tena. Alikanyaga mpaka gunia likajaa.

Kituoni karani aliitwa Constantine, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanakagua. Alikuwa ametumbukiza mkono kwenye gunia la mtu wa mbele, akamrudisha nyumbani kwa maneno makali. Alipomwona Generoza, uso ukalegea.

"Mwangaluka, mwalimu," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Wewe sikusumbui. Ningekuwa na wateja kumi kama wewe, ningelala usingizi." Akapapasa gunia kwa nje, akasita. "Ila mbona baridi?"

Ndalahwa alikohoa. Constantine akainama kwa Milembe.

"Wewe mtoto wa mwalimu huwezi kunidanganya. Limelowa na nini?"

Milembe alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama mizani. Mtoto akapiga goti kwa adabu.

"Umande."

"Haya, pandisha!"

Kwenye foleni Salu na Sayi walikuwa wamesimama na wazazi wao, wakisikia yote, na wakubwa hawakuuamini umande huo. Salu alicheka kidogo. Sayi hakucheka.

Kwa fedha hiyo dume wa pili alinunuliwa. Kijijini watu wakaanza kusemezana, "Hata mwalimu wa watoto anatia, sisi ni nani?" Nyumba zilizokuwa zinaogopa zikaacha kuogopa.

Mwezi wa tisa Padre alikuja kuwapima watoto. Milembe alijibu kila swali bila kukwama.

"Mfuasi wa kweli wa Yesu ni nani?" Padre aliuliza.

"Ni yule anayesikia neno lake na kulitenda, Padre."

"Na wewe unataka kuwa mfuasi huyo?"

"Ndiyo, Padre."

Watu walipiga makofi. Njiani kurudi nyumbani Generoza alimshika mkono. "Umenifurahisha, mwanangu. Umejibu vizuri sana."

"Nimejibu kama nilivyomjibu yule karani," Milembe alisema. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtoto anayeeleza alivyochota maji.

Generoza aliachia mkono ule bila kujua. Alitaka kurudi kwa Padre, akasikia pikipiki yake ikiondoka. Angeweza kumfuata kesho yake. Lakini gauni jeupe lilikuwa limeshonwa, shangazi kutoka Nyashimo alikuwa njiani, na Ndalahwa alikuwa amekwisha kualika watu. Akajiambia kwamba mtoto angekua na kusahau. Jumapili Milembe alipokea Komunio, watu wakala pilau, na Generoza peke yake alijua kwamba mtoto wake hakuamini hata neno moja alilolisema pale.

Mvua ziliponyesha, kijiji kilipanda mbegu zilizogawiwa kutoka kiwandani, zilizotolewa kwenye pamba yao ya msimu ule. Siku zikapita, mashamba yakabaki meusi. Bwana shamba alifukua mbegu, akazipasua kwa ukucha, zikawa zimeoza. Alieleza kwamba pamba iliyotiwa maji ikirundikwa ghalani hupata joto, na joto hilo huua mbegu. Hakumtaja mtu. Watu walitazama chini. Ndalahwa alisimama katikati ya shamba lililolimwa vizuri kwa madume wawili, na hakuna kilichoota.

Jumapili iliyofuata Generoza alisimama mbele ya watoto. Hakukuwa na maigizo.

"Wanangu, mimi niliwafundisha mambo nisiyoyatenda. Tulitia maji na mchanga kwenye pamba yetu. Nilimfundisha Milembe kusema uongo. Yeye hana kosa. Kosa ni langu."

Kisha Sayi akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo lile somo lilikuwa uongo?"

"Somo ni kweli, Sayi. Mwalimu ndiye hakuwa wa kweli."

Alimtafuta Milembe kwa macho. Mtoto alikuwa amekaa nyuma, anachora ardhini kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

Generoza alikwenda pia kwa Constantine, akamweleza. Karani alisikiliza, akasema, "Nimekusikia, mama." Hakumwita mwalimu tena.

Baada ya hapo kila Jumapili Milembe alisema anaumwa tumbo, au kichwa, au ana maji ya kuchota. Hakumchukia mama yake. Alikua mtu mzuri. Leo ana duka Mwandoya, na hakuna anayelalamikia mizani yake. Ila kanisani haendi. Mwaka mmoja Generoza, sasa mzee, alikwenda kumsalimia. Jioni aliwaita wajukuu wawili, akataka kuwasimulia habari za Yesu. Milembe alitoka dukani akifuta mikono.

"Mayu, wafundishe kusuka ukili wa mikeka. Wafundishe kupika. Hayo mengine naomba uyaache."

"Mwanangu, ni kweli tupu."

"Najua unavyoyasema vizuri," Milembe alijibu, akarudi kwa wateja.

Generoza alibaki na watoto wawili wakimtazama, wakingoja hadithi. Akaanza kuwaonyesha namna ya kushika ukili.

FUNZO

Mtoto hajifunzi dini siku ya Jumapili peke yake. Anajifunza siku tunayouza, siku tunayoulizwa, siku ukweli unapotutoa jasho. Tukimfundisha kusema "ndiyo" kwa Mungu na kumfundisha uongo kwa jirani, atatambua mapema kwamba maneno yote mawili yanatoka kinywa kimoja, na hataamini lolote kati yake.

Uanafunzi wa kweli hauhitaji mzazi asiyekosea. Generoza alikosea kwa sababu ya shida, na shida tunaijua sote. Lakini alipewa nafasi ya kutubu mbele ya mtoto wake wakati jeraha lilikuwa bado bichi: pale penye gunia, pale penye mizani, na tena njiani kutoka kwa Padre. Mara zote tatu aliahirisha. Mungu husamehe hata aliyechelewa, naamini hivyo. Ila moyo wa mtoto haungoji. Ukiwa na neno la kweli la kumwambia mwanao, mwambie leo, angali anakutazama usoni.