Siku Nane Waberi

Mkono wa kwanza kuishika ile kabureta ulikuwa wa Kowsar. Hilo hata Mwenda, Mmeru aliyeuza spea kuukuu Soko Mugdi kwa miaka kumi na miwili, angeapa mbele ya hakimu. Lakini mkono wa pili ulifika papo hapo, nao haukuwa na nia ya kuachia.

"Walaal, achia," alisema kijana mwenye mkono huo. "Hii nimeitafuta tangu Ramadhani."

"Mimi nimeitafuta tangu nizaliwe. Achia wewe."

"Msichana na kabureta, wapi na wapi?"

Hapo alijiponza. Kowsar alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya abaya nyeusi na mtandio wa rangi ya bizari, vidole vimepakwa hina, na kwenye kucha palikuwa na grisi ambayo hakuna sabuni Garissa nzima iliyowahi kuiweza. Akaipindua kabureta, akapuliza tundu lake, akaitikisa karibu na sikio.

"Boya lake limetoboka na sindano imelika. Uifunge hivi hivi, petroli ikumwagikie viatuni. Na hivyo viatu naona ni vya kuazima."

Mwenda alicheka hadi akashika ukuta. "Huyo ni binti ya Mzee Olow, kijana. Umejitakia mwenyewe."

Kijana naye akacheka, akaachia. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, uso wa mtu asiyejua kununa. Jina lake Abdirizak, afisa wa mifugo aliyehamishiwa mjini kutoka Kutulo miezi mitatu nyuma.

"Basi itengeneze wewe," alisema. "Lakini ni ya pikipiki yangu. Kama huamini nitakutumia picha."

Hivyo ndivyo namba ya simu ilivyotoka bila mtu kuiomba.

Nyumbani kwa Mzee Olow, mtaa wa Waberi, pikipiki za zamani zililala uani mahali ambapo majirani walifunga mbuzi. Mzee aliziokota, Kowsar akazifungua na kuzifunga upya, na kaka yake Rage akaziendesha mashindanoni Jumapili asubuhi, kwenye uwanda wa nje ya mji, dhidi ya familia nyingine nne zenye wazimu huo huo. Mama yao, Saado, waliyemwita hooyo, aliwapikia wote huku akilalamika kwamba sufuria zake zinanuka petroli.

Na kila walipokaa kunywa chai, mzee alirudia kisa kile kile. Mwaka wa ukame, elfu mbili, mtu mmoja wa Tarbaj aliharibikiwa na pikipiki ya Kiingereza mbele ya lango hili hapa. Aliitwa Gurey kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Jina lake halisi nani alilijali? Olow aliingoja ringi ya pistoni kutoka Nairobi siku nane nzima, akaifunga, na injini ikawaka kwa kanyago la kwanza. "La kwanza, wallahi!" Watoto walikijua kisa hicho hadi mahali mzee anapovuta pumzi.

Simu za Abdirizak zilianza na habari za kabureta.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi? Kabureta au wewe?"

"Mimi sina dawa, qalbi. Nauliza ya kabureta."

Picha ilikuja. Pikipiki ya Kiingereza ya mwaka wa hamsini na nne, imetawanyika vipande sakafuni, urithi wa marehemu baba yake. Juu ya tangi palikuwa na kitanzi cha chuma kilichochomelewa, kinene, kibaya.

"Na hiki kikorokoro?" Kowsar aliuliza. "Kikate, kinaiharibia sura."

"Siwezi. Baba aliniambia nibadilishe chochote ila hicho. Alifariki nikiwa na miaka tisa, sikuwahi kumuuliza sababu."

"Na mama?"

"Mama alifariki nikiwa na siku ishirini. Simjui hata kwa picha."

Nadhani ni hapo Kowsar alipompenda, kabla hajajua.

Jumapili zilizofuata Abdirizak alifika uwandani na pikipiki ya kuazima, akawa wa mwisho kila mara, na kila mara alipita mbele ya Kowsar akimpungia mkono kana kwamba ameshinda.

"Siku moja utakaa nyuma yangu," alimwambia, "tuupasue uwanda huu wote."

"Nikae nyuma ya mwanamume asiye wangu, mji mzima ukitazama? Hooyo atanizika."

"Basi walaal, niwe wako."

"Kwanza acha kuniita walaal. Mimi si ndugu yako."

Akaacha. Alimwita qalbi, moyo wangu, akamwita fundi wangu, akamwita majina ambayo Kowsar aliyasikiliza jikoni akijifanya anachekecha unga.

Kabureta ilipokamilika alimpelekea kwa mkono wa Rage. Na hapo simu ikafa. Siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Kowsar alipiga, akaambiwa mteja hapatikani. Amepata alichokitaka, alijisemea, na mimi nilikuwa fundi tu. Alilia nyuma ya pikipiki, akamtukana, akaifuta namba yake. Ila alikwisha kuikariri zamani.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia.

"Qalbi."

"Umekosea namba."

"Nisikilize. Nilikuwa Kutulo, nawatafuta baba zangu wadogo malishoni. Huko simu ni mzigo tu."

"Siku kumi na mbili, Abdirizak! Siku kumi na mbili!"

"Wazee hawaposi kwa simu. Alhamisi tunakuja kwenu."

Kowsar alikuwa anacheka na kulia, mtandio umejaa machozi.

Alhamisi nyumba ilinukia uunsi, ule ubani wa kufukiza, hadi barabarani. Kowsar alivaa diraki ya kijani kibichi yenye nyuzi za dhahabu, akasimama na mama yake nyuma ya pazia. Kabla gari la wazee halijaonekana, aliusikia muungurumo. Abdirizak alikuwa amekuja juu ya pikipiki ya Kiingereza yenyewe. Kowsar aliisikia kabureta yake ikivuta pumzi safi, bila kukohoa hata mara moja, na kifua chake kikajaa fahari.

Mzee Olow alitoka na mikono wazi kuwalaki wageni. Alipoifikia pikipiki alisimama. Akapiga magoti, akakipapasa kile kitanzi cha chuma.

"Huku kuchomelea ni kwangu!" alipiga kelele. "Hii ni pikipiki ya Gurey!"

"Gurey ni baba yangu, adeer," Abdirizak alisema kwa mshangao. "Jina lake Nunow."

Ikawa shangwe. Mzee alimkumbatia kijana, wazee wa Kutulo wakamshukuru Mungu, na Olow akaanza tena kisa chake, siku nane, ringi, Nairobi, kanyago la kwanza. Nyuma ya pazia Kowsar alicheka kwa furaha. Kumbe hata kabla ya Soko Mugdi walikwisha kuandikiwa! Akageuka amshike mama yake mkono.

Saado hakuwa anacheka. Alitoka nje bila kuitwa, mbele ya wazee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Olow," alisema. "Kitanzi ulikichomelea cha nini?"

"Cha kufungia kikapu cha..." Mzee alikatika hapo hapo.

"Cha mtoto," Saado alimalizia. "Alikuja na mtoto kifuani. Tulimwita Yare, yaani kadogo."

Miaka ishirini na mitano mzee alikuwa amesimulia pistoni. Mtoto aliyelia ndani ya nyumba siku hizo alikuwa shughuli ya wanawake, na kwenye kisa hakuwahi kupewa hata neno moja.

Sheikh Abdirahim, aliyeletwa kuisomea posa dua, aliweka kikombe chini. "Ulimnyonyesha, Saado?"

"Mama yake alikuwa amefariki. Kowsar alikuwa wa miezi minne. Ningefanya nini?"

"Mara ngapi? Fikiri vizuri. Zikitimia mara tano za kushiba, hawa ni ndugu wa kunyonya, na ndoa haipo."

Kowsar alitoka mbio nyuma ya pazia, akamvuta mama yake nguo. "Hooyo, sema mara tatu. Hooyo, tafadhali, sema hata nne!"

Wote walisikia. Hakuna aliyemkemea.

Saado aliushika uso wa binti yake kwa mikono miwili. "Siku nane, mwanangu. Ziwa hili wewe, ziwa hili yeye, usiku na mchana. Nikidanganya leo nitakuwa nimewaoza watoto wangu wawili."

Abdirizak alisimama na funguo mkononi. Maisha yake yote alikuwa amemtamani mama, na sasa huyu hapa, amempata siku hii na mahali hapa. Aliinama akaubusu mkono wa Saado.

Wiki tatu Kowsar hakugusa spana. Asubuhi moja mama yake alikuja mlangoni. "Ndugu yako yuko uani. Amehamishiwa Tarbaj, anaondoka leo."

Kowsar aliinuka, akanyoosha mkono kuchukua mtandio.

"Si lazima," Saado alisema taratibu. "Kwake si lazima tena."

Alijifunga hata hivyo.

Abdirizak alikuwa amekonda. Hawakujua wasalimianeje. Mwishowe akaigonga nyuma ya kiti cha pikipiki. "Nilikuahidi kitu kimoja, walaal. Mama ameruhusu."

Walipita Waberi polepole, wakapita Soko Mugdi, ambako Mwenda aliwapungia. Wazee barazani waliwatazama, kisha wakaendelea na mazungumzo yao, kwa kuwa binti na kaka yake si habari. Kowsar alikuwa ameiota safari hii mara ngapi! Mikono kiunoni mwake, shavu mgongoni, upepo wa uwanda ukimpiga. Yote aliyoyaomba alipewa. Alilia bila kujificha, na mgongo aliouegemea nao ulikuwa unatikisika.

"Nirudi?" Abdirizak aliuliza walipofika mwisho wa uwanda.

"Zunguka tena."

Akazunguka tena, na tena. Injini haikukohoa, haikusita, wala haikuwapa sababu hata moja ya kukwama pale. Kowsar aliisikiliza kabureta aliyoitengeneza kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani angekuwa fundi mbaya.