Yupo Nami

Asubuhi ile pikipiki ya fundi ilikuwa imekaa vibaya. Springi za nyuma zilikuwa zimebonyea na tairi limetanuka chini, vile inavyokuwa ukimpakia mtu mzima. Na juu yake hakukuwa na mtu. Fundi alisimama mlangoni mwa gereji yake na kikombe cha chai mkononi, akaitazama mpaka chai ikapoa.

Msidhani hajui kazi. Jeshini alitengeneza magari miaka kumi na minne. Springi hizo alishazibadilisha mara tatu tangu mwaka jana. Akizifunga zinasimama vizuri, akigeuka kunawa mikono anakuta zimebonyea. Halafu ile harufu ya udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa leo, hata gereji ipigwe deki haitoki.

"Mume wangu, tutaachwa!" Mkewe alitoka ndani. Ni mshonaji, na koti la safari alikuwa amelishona mwenyewe. Kifuani alibandika picha ya mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu akiwa mchanga, akawa askari, akafa vitani mwaka huu. Leo jina lake lingesomwa kwa mara ya kwanza. Sasa ungemwambiaje abaki?

Kila mwaka fundi na wastaafu wenzake wa jeshi, pikipiki kumi na moja, huenda pamoja kwenye makaburi ya wanajeshi. Majina husomwa moja moja, na ndugu au rafiki wa marehemu hujibu: "Yupo nami." Mwaka jana lilisomwa jina la mwisho, mara ya kwanza, mara ya pili, kimya. Fundi akaona haya, huruma ikamshika, na mara ya tatu akajibu yeye. Mtu mwenyewe hakuwahi hata kumwona. Siku hiyo alirudi na pikipiki nzito.

Wiki iliyopita alikwenda kwa mganga. Mwanamke yule hakumuuliza shida yake.

"Umekuja na mwenzio," alisema, "mbona humpi kiti?"

Fundi akageuka kutazama nyuma yake. "Ni yule marehemu?"

"Marehemu kalala zake, hana neno na mtu. Huyo ni jini. Kasikia jina halina mwenyewe, kalivaa. Wewe ukamkaribisha kwa kinywa chako. Mwaka huu likisomwa, ziba mdomo. Likikosa wa kulijibu mara zote tatu, atashuka aende. Likijibiwa tena, atahamia kwa huyo aliyejibu, na hapo usinifuate, sina dawa."

Fundi hakumwambia mkewe. Mwanamke kafiwa, anashona huku analia, amwongezee na majini? Nitamwambia yakiisha, alijisemea. Akili za wanaume hizo, mtu mzima hovyo.

"Wewe jibu la mdogo wako tu," alimwambia wakati anawasha pikipiki. "Umesikia?"

"Kwani nijibu la nani jamani?" Mkewe akacheka, akapanda.

Walikuwa wameshatoka mjini, jua kali, wakati mkewe alipomgonga begani. "Sogea mbele kidogo, unanibana."

"Mimi nimekalia tangi hapa."

"Basi mbona nimebanwa?"

Fundi alikaza macho barabarani, akashika usukani mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu mgongoni alikuwa akisikia kifua cha mtu, kipana, baridi, kikipanda na kushuka taratibu, na mikono ya mkewe iliyomzunguka kiunoni haikuweza tena kukutana mbele, ilifika ubavuni ikakomea hapo, na harufu ya udongo ikamwingia ndani ya kofia ngumu akawa anaimeza pamoja na pumzi.

Makaburini walipanga pikipiki kwenye mstari, wakasimama. Majina yakaanza. La shemeji yake liliposomwa, mkewe alijibu kwa sauti iliyokatika, "Yupo nami, mdogo wangu," na watu wakainamisha vichwa.

Kisha likaja lile la mwisho.

Kimya. Fundi aliuma midomo.

Likasomwa mara ya pili. Huko nyuma, kwenye mstari wa pikipiki, alisikia springi zikilia, zikinyanyuka kidogo kidogo, na ile harufu ikaanza kupungua, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akavuta hewa safi, akataka kucheka, akataka kulia, akamwomba Mungu wake kwamba bado mara moja tu, moja tu, watu wote hawa wabaki na vinywa vyao vimefungwa.

Likasomwa mara ya tatu. Mkewe akageuka kulia, akageuka kushoto, machozi bado mashavuni.

"Masikini," alinong'ona. "Mtoto wa watu hana hata wa kumjibia."

Fundi alimdaka mkono. "Mke wangu, usi—"

"Yupo nami!"

Springi zilinyamaza. Pikipiki ilikuwa imesimama juu, nyepesi, nzima kabisa.

Watu walipoanza kutawanyika, mkewe alipiga hatua mbili, akasimama. "Nishikie mkoba, mume wangu. Umenilemea ghafla."

Fundi akaupokea. Haukuwa na uzito wowote.

"Bado," alisema mkewe, akijishika bega, mgongo umeanza kupinda. "Mbona bado?" Nywele zake zilinuka udongo mbichi.