Mshumaa Chini ya Mstari Mwekundu

Maiti ya Mzee Ambrus Csíki ilikuwa imepiga magoti chini kabisa ya shimo la gesi la hoteli ya tiba, uso ukiwa umegusa ukuta na mkono wa kulia umezama ndani ya tundu la ukutani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuwakataza watu kuinama humo.

"Asiguswe," alisema Inspekta Noémi Bartalis akiwa mlangoni. "Na wewe Costel, usithubutu kushuka hata kidato kimoja."

Sajini Costel, mtu mnene aliyehamishiwa Kénespatak kutoka Moldova mwezi uliopita, alirudisha mguu wake. "Mbona sioni kitu, afande?"

"Ndiyo maana inaua."

Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua. Gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka mlimani yenyewe kupitia tundu hilo, haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hulala shimoni kama maji ndani ya beseni. Wagonjwa wa miguu na wa moyo husimama juu ya vidato vya mbao kwa dakika ishirini, damu ikiwachemka miguuni. Ukutani umechorwa mstari mwekundu: kiuno chini ya mstari, pua juu yake. Hakuna kukaa wala kuinama, hata ukidondosha pete ya ndoa.

Noémi aliomba kiberiti cha gesi cha Costel, akakifunga kwenye mpini wa ufagio kikiwa kinawaka, akakishusha polepole. Kilipofika kwenye mstari mwekundu, moto ulikufa. Shimo lilikuwa limejaa.

Zimamoto waliovaa vinyago vya hewa walimtoa mzee. Daktari wa polisi alimkagua palepale kwenye korido. Hakukuwa na jeraha wala dalili ya kupigana. Alikuwa amekosa hewa, na alikufa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Kucha zake zilikuwa na saruji.

"Ajali," alisema Meneja Szilárd Gidó, kijana wa mjini mwenye suti iliyombana, aliyeletwa na wamiliki wapya kuifanya hoteli iwe ya kisasa. "Mzee alikuwa anakunywa, kila mtu anajua. Nimeshapiga simu, lori la zege linakuja jioni. Tunalifukia hili shimo, yaishe."

"Leo hii?"

"Inspekta, dunia imebadilika. Wageni wa siku hizi hawaji Karpati kusimama shimoni na vikongwe. Wanataka bwawa la maji moto, kukandwa kwa mafuta ya misonobari, siku tatu bila simu. Hawa wa vyeti vya serikali, wanaolipiwa tiba na bima, wanakaa wiki mbili, wanakuja na soseji zao kwenye mifuko."

"Mama yangu ni wa vyeti vya serikali."

Meneja alikohoa. "Simaanishi mama yako."

Noémi alimgeuzia mgongo. Akiandika neno moja tu, ajali, shimo lingefukiwa kabla ya chakula cha jioni, na Mzee Ambrus angezikwa kama mlevi aliyesahau kanuni yake mwenyewe. Alikuwa na saa chache, na roho ilimuuma, maana huyu mzee ndiye aliyemfundisha kuhesabu, akiwa mtoto anayemsubiri bibi yake, kwa kutumia saa ya ukutani iliyopima dakika ishirini za wagonjwa.

Aliinua macho kuitazama. Ilikuwa palepale juu ya mlango, saa ya mbao yenye kining'inio cha shaba. Imesimama. Mishale ilionyesha saa kumi na mbili na dakika arobaini.

"Nayo imekufa," Costel alisema.

Noémi alipanda kiti, akatia ufunguo, akajaribu kuijaza. Ufunguo haukuzunguka hata nusu. "Imejaa. Mzee huijaza kila Jumatatu, na leo ni Jumanne. Haikuishiwa, Costel. Imesimamishwa na mkono wa mtu. Ipimwe alama za vidole."

"Nani asimamishe saa?"

"Kwetu mtu akifa, saa ya chumbani husimamishwa mpaka azikwe."

"Kwetu tunafunika vioo," Costel alisema, akaenda kumwita mpiga picha.

Picha za zimamoto zilipoletwa, Noémi alizitazama moja baada ya nyingine. Kwenye ya nne alisita. Sakafuni, kando ya goti la maiti, ulikuwa umesimama mshumaa uliofika nusu, umegandishwa kwenye saruji kwa nta yake wenyewe.

"Hebu niambie," alimwambia Costel. "Ukitaka kugandisha mshumaa, unafanyaje?"

"Unauwasha, unadondosha nta, unausimamisha juu yake."

"Kiberiti chako kilizimika wapi?"

Costel alitazama mstari mwekundu, halafu picha. Alikuwa mzito wa mwili tu. "Chini kule moto hauwezi kuishi. Lakini mshumaa uliwaka hadi nusu."

"Basi alipouwasha, gesi haikuwepo. Imekuja baadaye."

Kwenye korido walikuwa wameketi wagonjwa kumi na mbili wa asubuhi, wamevaa majoho ya hoteli na soksi za sufu. Hakuna aliyekuwa amerudi chumbani. Mama Rozália, mama yake Noémi, alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili.

"Umekula?" alimuuliza binti yake.

"Mama, niko kazini."

"Na kazini watu hula. Ambrus alikuwa halewi, hilo liandike. Aliacha pombe siku aliyomzika mkewe."

"Alikuwa na jambo gani siku hizi?"

"Alikuwa amenuna tangu huyu mwenye suti alipompiga marufuku kupimia gesi kwa mshumaa. Mwaka jana hiyo. Eti una moshi. Wakaweka kile kidude ukutani chenye taa ya kijani. Ijumaa Ambrus akatuambia: 'Ninyi mnaofagia nyumba zenu, zamani nilifagia nzi waliouawa na gesi kila asubuhi, lakini sasa mwaka mzima sijafagia hata mmoja aliyekufa humu. Jumanne saa mbili njooni wote, nitawaonyesha jambo.'"

"Nani mwingine alisikia?"

"Sisi wote. Na Sista Piroska, muuguzi mkuu, alikuwa anapiga mihuri kwenye kadi zetu za tiba." Mama Rozália alinyoosha mguu wake. "Shimo lisifungwe, Noémi. Mwaka huu ndiyo nimepona. Juzi nimepanda ngazi za kanisa bila fimbo."

Noémi alimwinamia akamfunga vizuri mshipi wa joho.

Costel alirudi akihema. "Afande, kuna Mjerumani mapokezini ananifokea mimi, kana kwamba ndimi niliyemkaribisha. Anasema vile vyumba vyao vya gesi, vile vya faragha ghorofa ya juu, havina gesi tangu asubuhi. Ameshalipia, anataka kujua imekwenda wapi."

Noémi alisimama wima. "Nami nataka kujua. Niitie fundi."

Fundi wa mitambo alikuwa Levente Vitályos, mtoto wa pekee wa Sista Piroska. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mikono mikubwa, na ule utulivu wa watu waliozoea kufanya kazi ambako hawajuani na mtu. Alikuwa amekaa Ujerumani miaka kumi na moja.

"Saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Stesheni. Kuwapokea wageni wawili wa treni ya usiku. Waulize."

"Tumeshawauliza, wanakubali. Vyumba vya juu vinapata gesi wapi?"

"Mlimani."

"Mlima una tundu moja tu, Levente, na Mzee Ambrus amefia na mkono wake ndani yake. Alikuwa anabomoa saruji. Ya nani?"

Levente alitazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bwawa jipya. "Yangu," alisema.

"Eleza."

"Gesi haikutosha kote kuwili. Meneja akaniambia nizibe tundu, niachie bomba dogo lenye koki katika chumba cha jirani, gesi nyingine yote isukumwe juu kwa pampu. Ile taa ya kijani inawaka tu, haipimi kitu. Wakaguzi wa bima wakija tunafungua koki, shimo linajaa kwa dakika chache. Wakiondoka tunafunga."

"Kwa mwaka mzima wazee walikuwa wanasimama kwenye hewa tupu?"

"Walikuwa wanashukuru," Levente alisema. "Nilikuwa nikiwasikia wanamshukuru Mzee Ambrus. Ndiyo maana sitaki kubaki hapa. Nimesaini mkataba Munich tangu Septemba, ninaondoka baada ya Krismasi. Mama bado sijamwambia. Naomba msimwambie."

Noémi aliwaza ngazi za kanisa. Alijilazimisha kurudi kwenye kazi. "Ufunguo wa chumba cha koki unakaa wapi?"

"Ninao mmoja. Wa pili unatundikwa kwa masista."

Chumba cha masista kilinukia kahawa na dawa ya kuosha sakafu. Sista Mkuu Piroska Vitályos alikuwa peke yake, amevaa sare nyeupe, anapanga kadi za wagonjwa ambazo siku hiyo hazingepigwa muhuri. Ndiye aliyeikuta maiti. Ndiye pia aliyempiga Noémi sindano zote za utotoni.

"Keti, binti yangu. Umepauka."

Noémi aliketi. Costel alibaki mlangoni.

"Nimekuja kukushukuru, Sista. Baba yangu alifia hospitali ya mkoa, hakuna aliyejali. Hata saa hawakuisimamisha. Mzee Ambrus angalau amesimamishiwa."

"Mtu haachwi hivihivi," Sista Piroska alisema. "Nilipomwona tu, kabla hata ya kuwapigia ninyi simu, nilipanda kiti nikaisimamisha."

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro dakika kumi. Nimeshamwambia sajini."

"Ndivyo ulivyomwambia. Saa ya ukutani inasema kumi na mbili na dakika arobaini."

Kadi zilitulia mikononi mwa Sista. Alitazama ukuta wa chumba chake, ambako kulikuwa na saa nyingine ikitembea, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Itakuwa ilikuwa nyuma," alisema.

"Mzee Ambrus na saa iwe nyuma? Miaka arobaini? Vidole vilivyoshika kile kining'inio tutavijua leo jioni. Sista, usinifanye niwasubiri watu wa maabara. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sindano ikichelewa ndiyo inauma."

Sista Piroska alizilaza kadi mezani, akazinyoosha kingo zake. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya kutoa ripoti ya zamu.

"Alikuja kwangu jana jioni. Akaniambia amejua, na leo atawasha mshumaa chini kabisa mbele ya wagonjwa wote. Nilimsihi. Nilimwambia bomba aliliunganisha Levente, watamfunga mwanangu, na wasipomfunga atarudi kulekule. Miaka kumi na moja, Noémi. Baba yake tulimzika nikimshikilia simu juu ya kaburi ili asikie padri. Kijiji kizima wamebaki wazazi tu. Mimi wangu alirudi."

"Akasemaje Ambrus?"

"Akasema, 'Piroska, wananishukuru mimi. Kila siku wananishukuru.' Akaondoka."

"Ukaja alfajiri."

"Nilitaka shimo lijae kabla ya saa mbili. Auwashe mshumaa wake mbele ya watu, uzimike, waseme amezeeka. Basi."

"Ulijua kwamba yumo ndani?"

Costel alibadilisha mguu.

"Nilimsikia akigonga saruji," Sista alisema.

"Ukafungua koki."

"Nikafungua."

"Ungeweza kufunga. Ungeweza kupiga kelele."

"Ningeweza. Nilikwenda hadi mlangoni nikiwa na nia hiyo. Gesi ilimpiga usoni, alikuwa ameweka uso palepale kwenye tundu. Mshumaa ulizimika kwanza. Yeye alipumua mara mbili. Nimehesabu, ni kazi yangu kuhesabu pumzi za watu. Halafu hakupumua tena." Alijifuta mdomo kwa mkono. "Mkono ukaenda kwenye saa wenyewe. Sikufikiria. Ambrus alikuwa msimamizi wa harusi yangu."

Noémi alitaka kumchukia, akashindwa, na kushindwa huko kukamchosha kuliko kazi yote ya siku. Alimwambia Costel awarudishe watu wa zege. Shimo lilikuwa eneo la uhalifu. Lisingeguswa na mtu. Meneja angefunguliwa mashtaka yake. Levente naye ya kwake.

"Ya Levente makubwa?" Sista aliuliza haraka. "Alifuata amri tu. Utawaambia? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nawe una mama. Akitoa ushahidi watamwachia. Ana kazi, ana chumba, watu hapa wanampenda. Atabaki, siyo?"

Costel alitazama viatu vyake. Noémi angeweza kunyamaza. Alimkumbuka mzee aliyekufa kwa kukataa kuwaacha watu wasimame kwenye hewa tupu.

"Amesaini kazi Munich, Sista. Alikuwa anaondoka baada ya Krismasi, kabla ya haya yote. Tangu Septemba."

Sista Piroska hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelinganisha tarehe mbili kwenye kadi.

"Septemba," alisema. "Septemba ndiyo nilipaka rangi chumba chake."

Costel alichukua koti la Sista kwenye msumari, akamvalisha kwanza, ndipo akatoa pingu.